Haongei bado: tuanze na masikio yake

Swali hili limetoka kwa mama mmoja wa Nyamasaria, Kisumu, na nimelifupisha. Kijana wake ana miaka miwili na miezi minane. Ana maneno kama kumi na mawili tu: mama, baba, pi (maji kwa Dholuo), bai, "pii pii" akiona boda boda, na mengine machache, na bado haunganishi mawili pamoja. "Anaelewa kila kitu," anasema mama. Nyumbani wanaongea Kiswahili. Mama na dada yake wakiwa pamoja huongea Kinyore. Nyanya anayemlea mchana humsemesha Dholuo. Nyanya anasema baba yake pia alichelewa, basi wasubiri. Mwalimu wa nasari ambako mtoto ataingia Januari anasema wamemchanganya kwa lugha nyingi, wamsemeshe Kiingereza pekee. Jirani anasema akatwe kimeo. Mwishoni mama ameongeza kwamba mtoto alilazwa kwa malaria iliyompa degedege alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, na kwamba sikio lake la kushoto hutoa usaha mara kwa mara "lakini hukauka lenyewe". Anauliza aanzie wapi, na je, ampeleke nasari au amngojee.

Mama, kuhusu lugha, kimeo na baba yake nitakujibu. Lakini yale mawili uliyoyataja mwisho, kama mtu anayefunga barua, ndiyo yaliyonisimamisha: usaha na degedege. Mtoto hujifunza kuongea kwa kusikia. Kabla hatujamlaumu nyanya, au mwalimu, au wewe mwenyewe, lazima tujue masikio yake yanamletea nini.

Sikio linalotoa usaha limezoeleka sana huku kwetu kiasi kwamba wazazi wengi hawalihesabu kuwa ugonjwa. Mara nyingi usaha ukitoka, ngoma ya sikio imetoboka na nyuma yake kuna maambukizi. Ukiendelea kwa siku 14 au zaidi, wahudumu wa afya wanauita ugonjwa sugu wa sikio, na una matibabu yake. Dawa ya maumivu ya dukani haiutibu. Na hata ukikauka wenyewe, ute mzito unaweza kubaki nyuma ya ngoma kwa wiki nyingi bila maumivu yoyote. Mtoto wa namna hiyo si kiziwi. Mlango ukigongwa, anageuka. Pikipiki ikipita, anakimbilia dirishani. Anachokosa ni sauti nyembamba za maneno, zile s, f, sh, t na k zinazotenganisha neno na neno. Anakusikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani: anajua kuna anayeongea, hajui kinachosemwa. Tena usikivu wake hupanda na kushuka. Wiki hii sikio liko sawa, wiki ijayo limeziba, na watu nyumbani wanasema "huyu anasikia akitaka". Nikisikia maneno hayo huwa naomba sikio lipimwe kabla ya jambo lingine lolote.

Kabla hujafika hospitalini, sikio likitoa usaha likaushe. Chukua kitambaa safi cha pamba, kisokote utambi, kiingize taratibu, kikilowa kitoe uweke kingine, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usitie mafuta, maziwa ya mama, maji ya kitunguu wala dawa ya macho iliyobaki. Vijiti vya masikio viache kabisa. Akioga, maji yasiingie.

Degedege nalo linahitaji maswali yake. Tunaishi kando ya ziwa, malaria tumeizoea, na mtoto akishapona homa tunashukuru Mungu tunaendelea na maisha. Degedege fupi la homa, ambalo mtoto akizinduka anarudia kunyonya na kucheza, kwa kawaida haliachi alama. Malaria iliyopanda kichwani ni jambo jingine. Watafiti wa Kilifi wamefuatilia kwa miaka mingi watoto waliopona malaria kali, wakakuta kwamba baadhi yao hubaki na shida ya lugha, ya kumbukumbu au kifafa muda mrefu baada ya homa yenyewe kusahaulika. Kwa hiyo kumbuka: baada ya lile degedege, alikaa muda gani bila fahamu? Alipewa dawa gani za sindano? Baadhi ya sindano za maambukizi makali, kama gentamisini, huokoa maisha lakini zinaweza kuumiza sikio la ndani. Na swali kubwa kuliko yote: kabla ya kulazwa alikuwa na maneno ambayo hukuyasikia tena alipotoka? Tafuta karatasi ya kuruhusiwa hospitalini. Ikiwa imepotea, andika unachokikumbuka wewe na nyanya.

Basi hatua ya kwanza ni kupima usikivu. Asije mtu akakwambia ni mdogo mno. Hata mtoto mchanga wa siku chache anaweza kupimwa akiwa amelala, kwa mashine inayotuma sauti sikioni na kunasa jibu la sikio lenyewe. Wa umri wa kijana wako hupimwa pia kwa mchezo, kwa mfano kutia kibao ndooni kila anaposikia mlio. Nenda kwanza kituo cha afya kilicho karibu, kitabu cha kliniki mkononi, uombe barua ya rufaa kwenda kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia. Wasomaji wa Nakuru waanzie hospitali ya rufaa ya kaunti, na wa Uasin Gishu, Nandi na Trans Nzoia wana hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Hicho kitabu cha kliniki kifungue uangalie pia kama alipata chanjo ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18. Wazazi wengi hurudi kliniki mpaka miezi tisa kisha wanaacha, na hapo wanakosa chanjo na pia nafasi ya mtoto kuangaliwa anavyokua katika umri ule ule ambao lugha inapaswa kuchipuka. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa, na surua, rubela na usaha wa masikio zimo.

Tuje kwa lile ulilosema, kwamba anaelewa kila kitu. Karibu kila mzazi anayeketi mbele yangu huanza na maneno hayo, na hadanganyi. Ndivyo anavyomwona mtoto wake kila siku. Lakini tazama namna tunavyoongea na watoto. Unachukua kikapu cha sokoni, unaelekea mlangoni, unamtazama miguu, kisha unasema "lete viatu". Mtoto analeta viatu. Je, alielewa neno? Huenda alielewa kikapu, mlango na macho yako. Huo ni werevu, na ni mzuri, ila hautuambii alichokishika katika maneno yenyewe.

Jaribu hivi nyumbani, akiwa ameshiba na hana usingizi. Keti naye sakafuni, weka mbele yake kijiko, kikombe, kiatu na mpira. Mikono yako ikae mapajani, macho yako yamtazame yeye, yasitazame kitu chochote. Mwambie, "Nipe kikombe." Kisha, "Nipe kijiko na mpira." Kisha, "Weka kijiko ndani ya kiatu." La mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu hakuna nyumba ambamo kijiko huwekwa ndani ya kiatu, hawezi kulibahatisha kwa mazoea. Mtoto wa umri wake kwa kawaida huweza hayo, huku akicheka. Kesho yake nyanya afanye vivyo hivyo kwa Dholuo, wewe ukiwa pembeni na umenyamaza. Usimsaidie kwa kidole wala kwa kidevu. Andika alichofanya, hata kama ni kidogo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloniongoza mimi. Watu huhesabu maneno yanayotoka mdomoni. Mimi natafuta kwanza yaliyoingia. Mtoto mwenye maneno machache lakini anayeelewa vizuri, anayekuonyesha ndege kwa kidole ili mlitazame pamoja, anayejifanya dereva wa boda boda kwa kijiti na kumlisha mwanasesere ugali wa udongo, huyo ana msingi, na wengi wa aina yake hufikia wenzao. Mtoto mwenye maneno hayo hayo machache ambaye pia haelewi, haonyeshi kwa kidole, wala hachezi michezo ya kujifanya, anahitaji msaada wa haraka zaidi, hata kama nje wanafanana.

Kwa upande wa maneno yenyewe, vipimo tunavyotumia ni hivi: neno la kwanza hutoka karibu na mwaka mmoja, akifika miaka miwili, au miwili na nusu kwa kipimo cha kuvumilia zaidi, awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuunganisha mawili, "baba bai", "leta maji", na akifika mitatu aseme sentensi fupi ambazo hata mgeni anaelewa sehemu kubwa. Kijana wako amepita umri wa vipimo vyote viwili vya maneno 50 bila kuyafikisha. Hata hivyo, hesabu tena, maana nadhani umempunja. "Pii pii" ni neno, kwa kuwa analitumia kila mara kwa kitu kile kile. "Ji" akimaanisha maji ni neno. Na kama ana "maji" kwako na "pi" kwa nyanya, hayo ni mawili. Keti na nyanya na dada yako, kila mmoja ataje anayoyasikia yeye, kisha myaandike yote pamoja. Hata yakifika 25 bado tutahitaji kumsaidia, lakini tutakuwa tunamjua mtoto mzima, badala ya theluthi yake inayoongea nawe.

Hapo nafika kwa mwalimu wa nasari. Najua ana nia njema, na ushauri wake umesikika shule nyingi, lakini si sahihi, na kuufuata kunaweza kumwongezea mtoto shida. Lugha nyingi hazisababishi mtoto kuchelewa kuongea. Watoto wanaokua na lugha mbili au tatu huanza maneno na kuyaunganisha katika umri ule ule wa wenzao wa lugha moja, mradi unajumlisha lugha zao zote. Angalia tu mtaa wako: watoto wangapi wa Nyamasaria wana Dholuo, Kiswahili na chembe za Kinyore au Ekegusii, na wanaongea bila kupumua? Mtoto akisema "nataka pi", ametumia alichonacho, kama sisi watu wazima tunavyofanya kwenye matatu kila siku. Hilo lisikutie wasiwasi. Mwenye tatizo la kweli la lugha huwa nalo katika lugha zake zote. Kuziondoa mbili hakuiponyi ya tatu.

Fikiria Kiingereza pekee kingemaanisha nini nyumbani kwako. Nyanya, ambaye ndiye anayekaa naye saa nyingi kuliko mtu yeyote, angelazimika kunyamaza, au kumsemesha kwa maneno mawili matatu ya kuokoteza. Mtoto ambaye tayari anapata lugha kidogo angepata kidogo zaidi. Dholuo ya nyanya ni tajiri: ina hadithi, utani, majina ya samaki na ya majani, namna ya kubembeleza na ya kukanya. Aendelee nayo, tena kwa wingi. Wewe endelea na Kiswahili, na Kinyore akisikie. Kiingereza kitakuja, na hata utaratibu wa elimu yetu unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo wanakoishi.

Nikiwa hapo kwenye lugha, nitenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Kuna usemi, yaani kutamka sauti, na kuna lugha, yaani kuwa na maneno, kuyaelewa na kuyapanga. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "lafiki yangu amechukua mpila" ana lugha nzuri. R yake tu ndiyo haijafika, na r, sh, th, dh na gh ni miongoni mwa sauti zinazokawia. Anayesema "samba" kwa sababu kila mtu mzima nyumbani kwake, kwa lafudhi ya Dholuo, husema hivyo, hana tatizo lolote la kutibiwa. Amejifunza barabara kile alichosikia. Vilevile mtoto wa miaka miwili akisema "taka uji" badala ya "nataka uji", anapita njia ya kawaida ya Kiswahili, maana mwanzo wa kitenzi huja baadaye. Shida ya kijana wako, kwa jinsi ulivyoeleza, iko upande wa lugha, kwa hiyo mazoezi ya kunyoosha ulimi na kurudia sauti hayatamfaa kwa sasa.

Kuhusu baba yake kuchelewa: namheshimu nyanya, amelea watoto ambao mimi sijalea, na alichokumbuka ni cha thamani. Ila natofautiana naye katika maana yake. Historia ya kuchelewa kuongea katika ukoo huongeza uwezekano kwamba mtoto ana shida itakayohitaji msaada, basi ni sababu ya kumpeleka mapema. Mwulize baba yake, kwa upole, kusoma kulikuwaje kwake shuleni. Kuna watu walioanza kuongea wakiwa na miaka minne ambao baadaye walihangaika na kusoma kwa miaka mingi, wakaitwa wazito, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Na lile la "wavulana huchelewa" lina ukweli mdogo sana: tofauti ya wavulana na wasichana ni ya mwezi mmoja au miwili hivi. Haitoshi kueleza miezi minane.

Ipo hali ambayo wataalamu, katika makubaliano yaliyochapishwa 2017 chini ya uongozi wa Dorothy Bishop wa Uingereza, waliipa jina linaloweza kusemwa hivi kwa Kiswahili: tatizo la ukuaji wa lugha. Mtoto anasikia, ni mwerevu, amelelewa kwa upendo, na bado lugha haishikiki. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulikuta hali hiyo kwa karibu watoto 7 kati ya 100 wanaoanza shule. Darasa letu lenye watoto 50 linaweza kuwa nao watatu au wanne, na huwa ndio wanaoambiwa wana kiburi, au hawasikilizi, au wavivu. Inaniuma kila ninapokutana na mmoja wao akiwa darasa la tano, amekwisha kuamini hayo aliyoambiwa. Siwezi kusema kijana wako ana hali hiyo. Katika umri wake ni mapema, na hatujui bado masikio yana hali gani. Nakwambia ili uelewe kwa nini siungi mkono kusubiri.

Kimeo, kwa ufupi: usikubali. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakihusiki hata kidogo na mtoto kukosa maneno. Kukikata nyumbani kwa wembe kumeua watoto kwa kutoka damu, kwa pepopunda na kwa maambukizi. Wengine wanachokisema ni ule uzi ulio chini ya ulimi. Huo ukiwa mfupi sana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kutamka sauti chache, lakini haumzuii kuelewa wala kuwa na maneno. Daktari wa koo atautazama siku ile ile ya masikio. Jirani mwambie tu kwamba ameshaonwa na daktari.

Wakati unangoja siku ya kliniki kuna kazi ya nyumbani, wala haihitaji vifaa. Kwanza, punguza maswali. Tukiwa na wasiwasi, sote huwa tunamgeuza mtoto mtahiniwa: "Hii ni nini? Sema maji. Sema!" Akishindwa anajifunza kwamba kuongea ni mahali pa kushindwa. Badala yake, simulia mnachofanya, kwa sentensi fupi. Unaosha omena: "Omena. Omena wengi. Tunaosha. Maji machafu, mwaga! Maji safi." Neno lile lile limerudi mara kadhaa, na mkono wake umo ndani ya beseni. Mtoto mwenye shida ya lugha huhitaji kusikia neno mara nyingi zaidi kuliko wenzake kabla hajalishika, na mambo ya jikoni, ya kuoga na ya kufua hurudi kila siku bila kupangwa.

Pili, ngoja. Ukishasema, funga mdomo, mtazame, hesabu moyoni polepole mpaka kumi. Utaona ni muda mrefu kupita kiasi. Watoto wengi wa aina hii walikuwa na jibu njiani, lakini dada au shangazi akajibu kabla yao. Waombe wakubwa nyumbani wamwachie nafasi.

Tatu, akisema neno moja mrudishie mawili. Akisema "maji", mwambie "maji baridi" au "unataka maji". Usimwambie arudie, amesikia, inatosha. Mpe kuchagua: "Ndizi au embe?" huku ukimwonyesha yote mawili. Akionyesha kwa kidole, pokea, mpe, na ulitaje jina. Kumnyima chakula mpaka aongee ni ukatili, na haufundishi kitu. Ishara za mikono pia zisikutie hofu. Hazimfanyi mtoto mvivu wa kuongea, bali humpunguzia hasira na mara nyingi hutangulia neno. Na ikitokea kipimo kikaonyesha kwamba usikivu umepungua sana, ishara zitakuwa lugha kamili: Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge letu chini ya Katiba ya 2010, na huku kwetu shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias zimekuwapo tangu 1961.

Simu na televisheni nimeziacha nyuma makusudi kwa sababu hukuzitaja. Kama zipo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku, na kabla ya umri huo asitazame kabisa. Katuni haimngojei ajibu, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa.

Wasomaji wengine wenye watoto wadogo zaidi wachukue haya. Mtoto asiyegeuka akiitwa jina akiwa na mwaka mmoja, asiyeonyesha kitu kwa kidole akiwa na mwaka na nusu, au aliyekuwa na maneno yakapotea katika umri wowote ule, apelekwe bila kungoja mwezi uishe. Kigugumizi cha miaka miwili hadi mitano ni cha kawaida na wengi hupona. Mtoto asiharakishwe wala kumaliziwa maneno, lakini kikizidi miezi sita, au akikunja uso na kukaza shingo ili neno litoke, aonwe. Sauti inayotokea puani muda wote inahitaji daktari aangalie kaakaa.

Siku ya kliniki, nenda na nyanya. Nasema hivi kwa uzito: yeye ndiye shahidi mkuu wa mchana wa mtoto huyu, na anayempima mtoto bila kuuliza habari za Dholuo yake atapata picha nusu. Beba ile orodha ya maneno, matokeo ya mchezo wa kijiko na kiatu, karatasi ya malaria na kitabu cha kliniki. Ikiwezekana rekodi kwa simu dakika mbili akicheza na nyanya, kwani mbele ya mgeni mwenye koti jeupe huenda asitoe hata sauti. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo uliza pia kuhusu vituo vya serikali vya kutathmini watoto, ambavyo walimu wanaviita EARC. Huduma hiyo ilianzishwa mwaka 1984, na ndiyo inayoandika ripoti ambayo shule huitumia kumpangia mtoto msaada. Usiogope kwenda huko kwa kudhani mtoto atapachikwa jina la ulemavu; kupimwa hakumlazimishi kuingia shule maalum.

Na nasari Januari, mpeleke. Kukaa na wenzake kutamfaa, na kumzuia nyumbani hakuna faida. Ila kabla ya siku ya kwanza, mwombe mwalimu dakika chache, mwambie matokeo ya sikio, na umwombe mambo matatu: amkalishe mbele, sikio la kulia likimwelekea yeye ikiwa la kushoto ndilo lenye shida, amsemeshe akiwa amemtazama usoni, na asimsimamishe mbele ya darasa kutaja vitu. Mpe na zile sauti anazozitumia nyumbani, ili akisema "pi" mwalimu ajue kwamba ana kiu.